Alteneta Ndogo Haiongezi Nguvu za Farasi

Wiki hii, kwa mara nyingine tena, nimeletewa alteneta (mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuzalisha umeme wa gari) ya kigari cha Kijapani cha cc 660 ikiwa imefungwa kwa gazeti. Mwenye Subaru Impreza aliyeileta akaniambia, "Fundi, hii yangu ya ampea 110 inakula injini, nifungie hii ya 45." Nilizipima zote mbili mbele yake: kilo 5.8 na kilo 2.9. Kwamba uzito unapungua, sina ubishi. Kinachonichosha ni huko "kula injini", yaani dai kwamba alteneta kubwa huiibia injini nguvu zaidi.

Namba iliyoandikwa kwenye alteneta ni uwezo wake, si ulaji wake. Regyuleta, kidhibiti cha volti, huipa rota (sehemu yake inayozunguka) mkondo wa kutosha tu kushikilia volti 14 na ushei. Kwa hiyo kama pampu ya mafuta, koili na nozeli vinavuta ampea 20 kwa jumla, ile ya 110 itatoa 20, na ile ya 45 itatoa 20 hizo hizo. Ampea 20 kwa volti 14 ni wati 280, na kwa kuwa karibu nusu ya kazi inayoletwa na mkanda hupotelea kwenye joto, feni na msuguano, injini hutoa takriban wati 500, yaani theluthi mbili ya nguvu moja ya farasi. Anayetaka kuipunguzia injini mzigo huo na auze kwanza spika zilizojaa kwenye buti.

Tofauti ya kweli hujitokeza kwenye ukomo. Feni za rejeta zikizunguka na taa zikiwaka, ampea 40 si ajabu, na gari likiwa sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, alteneta ndogo haiwezi kutoa namba yake kamili.

Kwa anayetaka kupunguza uzito, kilo nyingi zaidi zimo kwenye betri. Porsche ilipoanza kuuza betri ya litiamu kwa 911 GT3 mwaka 2010, ilipunguza kilo 10, lakini mnunuzi alikabidhiwa pia ile ya kawaida ya risasi, kwa sababu ya litiamu hudhoofika kwenye baridi. Hapa Dar es Salaam baridi hiyo hatuijui. Yetu ni shida nyingine. Betri ya risasi iliyoisha huzuiwa na ukinzani wake wa ndani isimeze mkondo mwingi mno, ilhali ya litiamu hunywa kila inachopewa, na alteneta hufanya kazi kwenye ukomo wake hadi vanishi inayofunika nyaya zake inaanza kunuka. Ndogo ndiyo hutangulia kuungua. Betri ya litiamu iliyoisha na ichajiwe kwa chaja yake kwanza, ndipo gari liwashwe.

Betri ya mteja huyu niliihamishia kwenye buti ili kuiepusha na joto la injini. Mita nne za waya wa kuiunganisha na mbele, wa milimita mraba 35, zina shaba ya kilo 1.2 kabla ya kuhesabu ganda, kwa hiyo sehemu ya tulichookoa imerudi garini. Pengine ngao ya joto ingetosha. Nimebadili mawazo mara mbili tangu juzi.