Mstari wa kingamwili ya MBP hauthibitishi kuwa protini yako ni nzima

Utando wa western blot (kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito, kisha kuzionyesha kwa kingamwili) umetoka, mstari unaonekana, na maabara nzima inapongezana. Subiri kwanza. Kingamwili hii hutambua MBP tu, ile protini ya bakteria inayofunga maltosi, ambayo protini yako imeunganishwa nayo. Nusu ya pili, yaani protini yako yenyewe, kingamwili hii haiioni kabisa.

Soma uzito. MBP ina kilodalitoni (kipimo cha uzito wa protini) 42 hivi. Protini yako ikiwa na 30, tafuta mstari karibu na 72. Ukiona wa 42 peke yake, huenda vimeng'enya vya bakteria vimekata sehemu inayounganisha protini hizo mbili, na ulichobaki nacho ni mpini bila jembe.

Halafu E. koli, bakteria anayekutengenezea protini hiyo, ana MBP yake ya kuzaliwa. Pitisha pembeni, kwa kulinganisha, seli zisizo na plasmidi (kipande cha DNA kinachobeba jeni ya protini yako), na weka glukosi gramu 2 kwa lita ya mchuzi wa kukuzia bakteria ili kubana utengenezaji wa MBP hiyo ya kuzaliwa. Ukitaka uhakika, tumia pia kingamwili ya protini yako yenyewe.

Kingamwili igawe maikrolita 10 kwa kila kichupa kabla ya kuigandisha. Kwa joto la Dar es Salaam na umeme unaokatika, kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huidhoofisha, kisha lawama hupewa maziwa ya kuzibia utando, yale yanayozuia kingamwili kunata ovyo.