Faili Ambalo Halijakamilika Lijulikane kwa Kulitazama Tu

Unapopakua faili kubwa kwa Chrome, kabla halijafika lote hukaa kwenye folda likiwa na mkia wa .crdownload. Firefox nayo huweka .part. Upakuaji ukikamilika, mkia huondoka wenyewe. Mafaili tunayoandika sisi hayana ulinzi huo. Bajeti yenye tarakimu za kukisia hufunguka, huchapishwa na hutumwa kwa barua pepe sawasawa na ile iliyokwisha kuidhinishwa.

Katika kitengo chetu cha TEHAMA tunawashauri watumishi waanze na jina. Neno RASIMU likae mwanzoni, kwa sababu jina refu likikatwa kwenye skrini, mwanzo wake hubaki ukionekana. Ukitanguliza kistari cha chini, kwa mfano _RASIMU_Bajeti ya maktaba_2025-03-14, Windows itayapandisha mafaili ya namna hiyo juu ya mengine unapoyapanga kwa majina. Tarehe ianze na mwaka. Ikianza na siku, tarehe 2 Novemba itatangulia tarehe 14 Machi. Mkwaju (/) usiutumie, Windows haiukubali kwenye jina la faili. Neno “mwisho” nalo liacheni kabisa. Ofisini tunakuta “barua ya mwisho”, “barua ya mwisho 2” na “mwisho kabisa” kwenye folda moja, na hakuna anayejua ipi ilikwenda kwa mkurugenzi. T1, T2, T3, yaani toleo la kwanza, la pili na la tatu, zinatosha.

Watumiaji wa Mac wanaweza kulipa faili alama ya rangi. Inasaidia machoni, ila ukilituma kwa barua pepe usitegemee rangi hiyo imfikie mwenzako.

Karatasi ikishatoka kwenye printa, jina la faili halionekani tena. Kwa hiyo kwenye Word fungua menyu ya Design, kisha Watermark, uandike RASIMU. Neno hilo litatokea kwa rangi hafifu nyuma ya maandishi, ukurasa kwa ukurasa.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni pengo lililo ndani ya faili. Mtu akikosa tarakimu huweka ya mwaka jana, akitarajia kuibadilisha baadaye. Tarakimu hiyo haina tofauti na ya kweli: itajumlishwa, na jumla itasomwa kikaoni. Ni heri pengo lionekane wazi: “Vitabu vilivyonunuliwa: ###, aulizwe mhasibu.” Alama hizo hazimo katika neno lolote la Kiswahili, hivyo ukibonyeza Ctrl na F ukazitafuta, utafikishwa kwenye kila pengo.

Kwenye Excel andika BADO badala yake, kwani Excel yenyewe hujaza alama kama hizo seli inapokuwa nyembamba kuliko tarakimu. Hapo pana jambo la kuangalia sana: SUM, fomula ya kujumlisha, huyaruka maneno. Seli yenye BADO haitahesabiwa, na jumla itatoka pungufu bila onyo lolote. Kwa hiyo seli ya jumla nayo ipakwe rangi ya njano, na pembeni yake iandikwe BADO, mpaka tarakimu zote zitimie.

Kuondoa alama kuwe kazi ya mtu mmoja, yule anayeidhinisha, na aifanye baada ya kutafuta ### na BADO asikute kitu. Kila Ijumaa andika RASIMU kwenye kisanduku cha kutafutia cha folda ya idara: kitakachojitokeza ndiyo orodha ya kazi za Jumatatu.