Mlango wa seli na dawa za korona: yanayosemwa Tanga na yaliyothibitishwa

Mwaka 2020, wiki chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini mwezi Machi, bibi mmoja aliingia katika duka la dawa la Ngamiani, mjini Tanga, ambako nafanya kazi. Aliitikia shikamoo yangu, akafungua fundo la pindo la khanga yake na kuweka juu ya kaunta vidonge vya losartani ambavyo hakuwa amevigusa. “Vichukue tu, mwanangu,” akasema. “Wameniambia vinavifungulia virusi mlango.” Alikuwa na siku tisa bila dawa, na nilipompima presha nilikuta 190 kwa 110. Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza kwa makini yanayosemwa kuhusu virusi hivi na mlango wao, kwa sababu mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yaaminike.

“Dawa za presha huvifungulia virusi mlango”

Mlango upo kweli. Kirusi cha korona ni kidogo kiasi kwamba virusi 1,000 vikipangwa mstari mmoja havizidi unene wa uzi mmoja wa mkonge, na juu ya ganda lake kimejaa miiba ya protini. Ncha ya mwiba hujishikiza kwenye protini ya mwili wetu iitwayo ACE2, iliyopo juu ya seli za pua, mapafu, utumbo, figo na moyo. Protini hiyo ina kazi yake ya asili, nayo ni kuivunja homoni inayobana mishipa ya damu, na ndiyo maana ikahusishwa na dawa za presha. Majaribio kwa wanyama yalikuwa yamedokeza kwamba dawa za aina ya losartani na enalaprili huenda zikaongeza ACE2 mwilini, na hofu ikazaliwa hapo.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na ilijibiwa. Nchini Brazili, wagonjwa 659 wa korona waliokuwa wakitumia dawa hizo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaendelea nazo na wengine wakazisitisha kwa siku 30. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba walioziacha walinufaika kwa lolote. Presha iliyoachwa ipande, kwa upande wake, huleta kiharusi bila kusubiri kirusi chochote. Bibi aliondoka na vidonge vyake.

“Kirusi kikishagusa mlango, kimeingia”

Kuishika ACE2 peke yake hakutoshi. Mtu wa pwani ataelewa upesi nikimpa mfano wa nazi, ambayo huwezi kuikuna kabla hujaifua kwenye kifuo na kisha kuivunja. Mwiba wa kirusi nao hukatwa mara mbili. Mkato wa kwanza hufanywa na kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama kisu, kiitwacho furini wakati kirusi kipya kingali ndani ya seli kilimozaliwa. Mkato wa pili hufanyika baada ya mwiba kuishika ACE2, na anayeufanya ni kimeng'enya kingine kilichokaa juu ya seli, TMPRSS2. Hapo mwiba hufyatuka, hujichoma kwenye utando wa seli na kuuvuta hadi ukaungana na utando wa kirusi, kisha uzi wa vinasaba wenye herufi zipatazo 30,000 hupita na kuingia ndani. Ipo pia njia ya pili: kirusi humezwa kizima ndani ya kifuko cha seli, asidi huongezeka humo, na kimeng'enya cha tatu, kathepsini L, humalizia ule mkato.

Wala virusi vyote vya jamii hii havitumii mlango mmoja. Kirusi cha MERS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, kilichotambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012 na ambacho watu hukipata kwa ngamia, hushika protini nyingine, DPP4. (Sisi wa Ngamiani tumebakiwa na jina la ngamia tu.) Tena kipo kirusi cha mafua ya kawaida, NL63, ambacho nacho hupitia ACE2 na kwa watu wengi huishia kwenye kamasi na kikohozi, kwa hiyo mlango peke yake hauelezi ukali wa ugonjwa.

“Klorokwini ilikuwa dawa yake, tukanyimwa”

Wa rika langu tunaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na jinsi ilivyowasha mwili usiku kucha, mpaka ilipoacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara mwaka 2001, baada ya vimelea kuizoea. Mwaka 2020 ilirudi midomoni mwa watu kwa sababu maabara zilionyesha kwamba inazuia korona, na kweli iliizuia. Ila majaribio yale yalifanywa kwenye seli zilizotokana na figo la tumbili, ambazo zimekuwa zikikuzwa tangu mwaka 1962 huko Japani, na seli hizo zina upungufu mkubwa wa TMPRSS2. Kirusi kikizikuta hivyo hulazimika kupita njia ya kifuko chenye asidi, na klorokwini, ambayo hupunguza asidi hiyo, huifunga njia. Katika seli za mapafu ya binadamu mambo ni tofauti, kwa kuwa TMPRSS2 ipo na mkato hufanyika nje pasipo kuhitaji asidi. Watafiti wa Ujerumani walilionyesha hilo mwaka huohuo wa 2020.

Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilimaliza ubishi kwa upande wa wagonjwa waliolazwa: kati ya 1,561 waliopewa haidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini, asilimia 27 walifariki ndani ya siku 28, na kati ya 3,155 ambao hawakupewa, asilimia 25. Hata kamostati, dawa ya kongosho inayotumika Japani na ambayo huizuia TMPRSS2 yenyewe, iliwazuia virusi maabara lakini haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa ilipojaribiwa Denmark. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote, kwamba dawa inaweza kulenga mahali sahihi kabisa na bado ikafika wakati virusi vimekwishapita.

“Nyungu huviua virusi vikiwa puani”

Nimekulia katika nyungu ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, na sitaidharau. Mvuke hulegeza kamasi na mgonjwa hupata nafuu ya kupumua. Lakini kirusi kilichokwisha kuingia kimo ndani ya seli iliyo hai, na mvuke wenye moto wa kukiharibu humo utaiunguza seli kwanza. Sabuni nayo ni vivyo hivyo: mikononi huvunja ganda la mafuta la kirusi, lakini utando wa seli zetu umejengwa kwa mafuta ya namna hiyohiyo, na hivyo haifai kunywewa wala kuvutwa puani. Sufuria inayochemka chini ya blanketi la mtoto ni hatari ambayo mzazi asiikubali.

“Deksa iliokoa mahututi, basi tuinywe mapema”

Deksamethasoni haigusi mlango wala kirusi. Hutuliza kinga ya mwili pale inaposhambulia mapafu kupita kiasi. Katika RECOVERY ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliopumua kwa mashine, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida, na kuinywa mwanzoni mwa ugonjwa ni kuidhoofisha kinga katika siku ambazo inahitajika.

Dawa zinazomfaa mgonjwa wa mwanzoni ni nyingine. Nirmatrelviri huzuia kimeng'enya cha kirusi kinachokatakata protini zake mpya ndani ya seli, na sharti ianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili zionekane, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya muda mrefu. Huambatanishwa na ritonaviri, ambayo hugongana na dawa nyingi, na anayetumia rifampisini ya kifua kikuu hapaswi kuandikiwa. Kwa hiyo anayekuja kuuliza dawa hiyo mimi humwomba kwanza anionyeshe dawa zote alizo nazo nyumbani, hata zile alizofunga kwenye pindo la khanga.