Superstar na hip hop: watu wanavyosema na ilivyokuwa kweli

Ukizungumzia raba za hip hop bila kuitaja adidas Superstar, ile ya mistari mitatu yenye kichwa cha mpira kama ganda la kombe, bado hujaanza kuongea. Ila kiatu kikikaa mtaani zaidi ya miaka 50 kinaokota hadithi nyingi, na hadithi nyingi za hii raba zinaipa kampuni sifa ambazo ni za vijana wa New York. Hilo linaniuma sana, ndo maana naandika.

"Eti adidas waliwalipa Run-DMC waimbe ule wimbo." Run-DMC ni kundi la rap la Run, DMC na DJ wao Jam Master Jay, na hii hadithi yao ndo inarudiwa kuliko zote na ndo iko mbali zaidi na ukweli. "My Adidas" ilitoka 1986 kwenye albamu ya Raising Hell na hapakuwa na mkataba wowote, jamaa walikuwa wanavaa hizo raba kwa mapenzi yao tu kama vijana wengine wa mtaa wao, Hollis, kule Queens, New York. Kilichofuata ndo kitamu, meneja wao Russell Simmons akaalika watu wa adidas waje kwenye shoo ya Madison Square Garden, Julai 19, 1986, sasa shoo imepamba moto Run akawaambia mashabiki wanyanyue viatu vyao juu, ukumbi ukajaa raba za mistari mitatu hewani na mtu wa kampuni yupo pale anaona kwa macho yake. Mkataba ulikuja baada ya hapo, ukafika dola milioni 1, kitu ambacho kundi la rap lilikuwa halijawahi kukipata kwa kampuni ya viatu. Kwahiyo mtaa ulianza, wimbo ukafuata, hela ikaja mwisho, na ukigeuza huo mpangilio umewadhulumu waliofanya kazi.

Halafu kuna hii ya kwamba kuivaa bila kamba, ulimi umetokeza nje, ni uhuni wa jela. Kaukweli kapo, mfungwa hunyang'anywa kamba za viatu, na watu wazima wa Queens walipoona vijana wanatembea na raba wazi wakaunganisha haraka wakasema hawa ni wahalifu watarajiwa, mpaka daktari mmoja wa huko huko, Gerald Deas, akatoa wimbo wa kuwakemea, "Felon Sneakers". Sasa hao "wahalifu" ni kina nani? DMC alikuwa kijana wa chuo, alisoma St. John's University. Na "My Adidas" ndo lilikuwa jibu lao kwa yule daktari, isikilize tena ukijua hilo utaona sio tangazo la kiatu, ni kijana anajitetea kwamba raba zake haziendi kuiba, zimempeleka hadi jukwaa la Live Aid, lile tamasha la hisani, kule Philadelphia mwaka 1985. Mimi naona huo utetezi ndo roho ya hii raba kwenye hip hop.

Wengine wanadhani raba ziliingia hip hop na Run-DMC, hapana. DJ Kool Herc alipiga ile pati yake inayohesabiwa mwanzo wa hip hop, Sedgwick Avenue, Bronx, New York, Agosti 11, 1973, na kwenye miaka iliyofuata wacheza breki (breakdance) walishakuwa na raba zao, Pro-Keds, Puma Suede, Puma Clyde iliyopewa jina la utani la Walt Frazier, mchezaji wa kikapu wa New York Knicks, na kamba wanazitanua wanazipiga pasi mpaka zinalala bapa. (Puma na adidas zenyewe ni za ndugu wawili wa Ujerumani, Rudolf na Adolf Dassler, waliogombana wakagawana njia.) Walichofanya Run-DMC ni kingine, kipindi kile wachanaji wakipanda jukwaani walivaa mangozi, manyoya na mabuti marefu kama wanamuziki wa roki, wao wakapanda na nguo za mtaani, kwa kufuata alivyokuwa anavaa Jam Master Jay, na shabiki akijiangalia miguuni anaona amevaa sawa na staa.

Kuhusu kwamba ilitengenezwa iwe ya fasheni, wala. Ilitoka 1969 kwa ajili ya mpira wa kikapu, ya ngozi wakati wachezaji wengi bado wako kwenye turubai, na kile kichwa cha mpira sio pambo, ni kinga ya vidole. Staa wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar alicheza nayo miaka ya 70.

Na ile ya kwamba inadumu kwa sababu ni kiatu bora kuliko vya sasa, hapo naipenda ila siwezi kudanganya, ukitaka kucheza kikapu leo kuna raba nyepesi zenye soli laini zaidi. Superstar imedumu kwa sababu umbo halijabadilika sana na ni jepesi kusomeka, kwahiyo kila mtu anaweka lake. 2015 mwanamuziki Pharrell Williams aliitoa kwa rangi 50 na bado ukiiona kwa mbali unaijua. Hata kampuni ilibidi ifuate, baada ya ule mkataba adidas wakatoa Ultrastar, ndani wameweka lastiki kwenye ulimi ili uivae bila kamba na mguu usichomoke, yaani ule ule mtindo uliokuwa unaitwa wa kihuni.