Kwa nini mwandishi aliyenusurika vita huandika, kisha akajifungia?

Kigoma tumeishi na watu waliokimbia vita kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Mei 2015 meli ya Liemba ilikuwa ikiwasomba Warundi kutoka Kagunga kuwaleta mjini. Ndiyo maana hapa kila mtu anamjua mzee wa namna hii: pale mwalo wa Kibirizi atapiga nawe soga la bei ya migebuka mpaka jua lichwee, lakini ukimgusia siku aliyokimbia, anakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Vijana wetu wanaosoma fasihi hushangaa mbona J.D. Salinger, Mmarekani aliyeandika The Catcher in the Rye, aliukimbia umaarufu ambao wengine wanautafuta kwa udi na uvumba. Nusu ya jibu wanapishana nayo njiani kila siku.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Salinger akiwa askari alishuka pwani ya Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, siku ile ile majeshi ya washirika yalipoivamia. Kwa kuwa alijua Kijerumani na Kifaransa, kazi yake ilikuwa kuwahoji mateka na raia. Alipita msitu wa Hürtgen, ambako wenzake waliteketea kwa makombora na baridi, na Aprili 1945 akaziona kambi za Kaufering, tawi la Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani. Binti yake alikuja kuandika kwamba baba alimwambia harufu ya nyama ya watu iliyoungua haikutoki puani, uishi miaka mingapi. Katikati ya hayo yote alikuwa akiandika hadithi. Vita vilipokwisha akalazwa hospitali huko Nuremberg, roho imemwinamia. Siku hizo waliita uchovu wa vita. Madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, kwa jina la sasa, PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha, 1980.

Ungetegemea arudi na riwaya ya mizinga. Wapi! Riwaya iliyotoka 1951 ni ya kijana aliyefukuzwa shule, anazurura New York akiwaza jinsi ya kuwakinga watoto wasidondoke. Kaka mdogo wa kijana huyo amekufa, na msiba haujamtoka. Mimi naiona vita humo kila ukurasa, ingawa bunduki hailii.

Alipoigusa vita yenyewe, aliigusa kwa ncha ya kidole. Katika hadithi yake ya 1950, “For Esmé—with Love and Squalor”, sajini mmoja yuko Bavaria, Ujerumani, baada ya mapigano. Anafungua kitabu, anachukua penseli aandike mstari mmoja, kisha anatazama alichoandika: karibu chote hakisomeki. Baadaye anafungua kifurushi cha msichana mdogo aliyekutana naye Uingereza. Ndani mna saa ya mkononi ya marehemu baba yake, kioo kimevunjika njiani. Sajini anakaa nayo muda mrefu, hathubutu kuijaribu kama inatembea, mara usingizi unamjia. Basi. Kumbukumbu ya vita humrudia mtu vipande vipande, kwa harufu, kwa mkono unaotetemeka, na hadithi humpa mwandishi nafasi ya kushika kipande kimoja tu kwa wakati wake.

Lakini tusiibebeshe vita kila kitu. Kurt Vonnegut, mwandishi mwingine Mmarekani, naye alinusurika mabomu ya Dresden, mji wa Ujerumani, Februari 1945, akiwa mateka. Riwaya yake ya tukio hilo ilitoka 1969, naye akaendelea kuhutubia watu na kuwachekesha. Kwa Salinger, umaarufu ulikuja kuvuruga ule umbali aliouhitaji ili aandike. Alihamia Cornish, New Hampshire, 1953. Mwanzoni alikuwa rafiki wa wanafunzi wa jirani, mpaka mazungumzo aliyompa binti mmoja kwa ukurasa wa shule yalipochapishwa mahali pengine gazetini. Akajitenga. Msituni alikuwa na kibanda cha matofali ya saruji cha kuandikia. Sioni ajabu askari kuchagua chumba cha namna hiyo.

Hadithi yake ya mwisho kuchapishwa ilitoka 1965. Mwaka 1974 alimwambia mwandishi wa habari kwa simu kwamba kutochapisha kuna amani kubwa, na kwamba bado anapenda kuandika, ila kwa ajili yake mwenyewe. Alifariki Januari 2010 akiwa na miaka 91, na mwanawe ameeleza kwamba kazi alizoziacha zinaandaliwa zichapishwe.