Utambuzi wa vitu: ubongo unajuaje kwamba ndala ni ileile?

Tupa ndala sebuleni. Ikianguka kifudifudi unaona soli na vile vifundo vitatu vya gidamu. Ikisimama kwa ubavu inakuwa kipande chembamba cha mpira. Ikiteleza chini ya kochi kinabaki kisigino tu, kinachungulia. Picha tatu zisizofanana hata kidogo, na bado hujiulizi: unainama, unaivuta, unavaa. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa utambuzi wa vitu, na kwa kuwa tunaifanya bila jasho ni vigumu kuamini kwamba ni kazi.

Kuona ni jambo moja, kutambua ni jingine. Wapo watu ambao, baada ya kiharusi au jeraha la ubongo, ukiwawekea mchoro wa funguo wataunakili vizuri, lakini ukiwauliza ni mchoro wa nini, hawajui. Zitikise funguo zenyewe wasikie mlio, papo hapo watakwambia. Macho yao hayana tatizo. Kilichopotea ni ule uwezo wa kuzikusanya sura nyingi za kitu na kuzihesabu kuwa kitu kimoja.

Habari za jicho hufikia kwanza kisogoni. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walikuta katika ubongo wa paka seli zinazochangamkia mistari: hii inataka mstari wa wima, ile wa mshazari. Kazi yao ilikuja kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kutoka kisogoni habari husogea mbele, kituo hadi kituo, mpaka sehemu ya chini ya ubongo iliyo usawa wa masikio. Seli za hapo hazishughuliki tena na mstari mmojammoja. Moja huitikia uso, nyingine kiganja, na huendelea kuitikia hata kitu kikisogezwa kando au kikionekana kidogo kwa kuwa kiko mbali. Safari nzima haimalizi hata robo ya sekunde.

Sasa, seli hizo zilifundishwa na nani? Programu ya kompyuta iliyovuma mwaka 2012 kwa kutambua picha, AlexNet, ililishwa picha zaidi ya milioni moja, kila moja ikiwa imebandikwa jina na binadamu: huyu mbwa, hili lori. Mtoto mchanga habandikiwi chochote. Kabla hajajua neno “kikombe” tayari anakinyakua, kiwe kimesimama au kimelala.

Jibu moja, na kwangu ndilo tamu kuliko yote, ni kwamba mwalimu ni wakati. Duniani vitu havigeuki ghafla kuwa vitu vingine. Macho yetu hurukaruka mara tatu hivi kila sekunde, na kikombe kilichokuwa pembeni mwa jicho kinajikuta katikati yake, lakini ni kikombe kilekile. Basi sura mbili zikifuatana papo kwa papo, ubongo unaweza kukisia kwamba zina mwenyewe mmoja na kuzifunga pamoja.

Wazo zuri, ila unalipimaje? Nuo Li, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya James DiCarlo kwenye chuo cha MIT, Marekani, alilipima kwa kuudanganya ubongo. Kima aliwekwa mbele ya skrini na kitu kikatokezwa pembeni mwa macho yake. Kima alipokirukia kwa jicho, katika ule mruko wenyewe, ambapo hakuna anayeona sawasawa, kompyuta ilikibadilisha kwa kingine: aliyeondoka akifuata kitu cha kwanza alitua kwenye cha pili. Hila hii ilichezwa upande mmoja tu wa skrini; upande mwingine vitu viliachwa kama vilivyo.

Baada ya saa moja au mbili, seli zilizokuwa zikipendelea kitu cha kwanza zilianza kulegeza upendeleo huo pale palipochezewa hila. Upande ulioachwa salama hazikubadilika. Hakuna aliyemfundisha kima wala kumwambia kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Mfuatano wenyewe ulitosha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miaka mitatu kabla, maabara hiyohiyo ilikuwa imewafanyia watu hila ya namna hiyo, nao wakaanza kuvichanganya vitu hivyo viwili pasipo kujua kwamba wamechezewa.

Ushahidi mwingine unatoka India. Mradi wa Prakash, ulioanzishwa na Pawan Sinha wa MIT, huwatafutia upasuaji watoto na vijana waliozaliwa na mtoto wa jicho, na kisha hufuatilia jinsi wanavyojifunza kuona. Mtu angedhani bandeji ikitoka tu, dunia inajipanga. Wapi! Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu watatu waliopata kuona baada ya miaka ya upofu walionyeshwa picha za kawaida. Walihesabu kila kiraka cha rangi au cha mwanga kuwa kitu cha peke yake. Mpira wenye kivuli juu yake ulikuwa kwao vipande, si mpira.

Lakini maumbo yalipoanza kutembea kwenye skrini, vipande vilivyosogea pamoja wakavishika mara moja kuwa kitu kimoja. Na baada ya miezi kadhaa ya kuishi na vitu vinavyosogea, hata picha tuli zikaanza kuwaingia.