Kabla ya Kuugomea Mtandao, Andika Namba za Wenzako

Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wauza dagaa wengi siku hizi hawasubiri boti itie nanga ndipo wajue bei. Mzigo unapigwa picha Ukerewe asubuhi, na kabla ya chai mnunuzi wa Kirumba ameshauona kwenye kundi la simu na ameshaagiza magunia yake. Kundi hilo halina jengo wala mlinzi, lakini lina mwenyewe, na huyo mwenyewe si admini. Ni kampuni inayomiliki mtandao. Ndilo jambo ninaloanza nalo kila tunapotoa mafunzo ya mitandao huku ziwani, na kila mara naulizwa: wakibadili masharti, tukigoma watatusikiliza?

Wapo waliogoma. Mwaka 2023 Reddit, mtandao wa Marekani ambako watu hujadiliana kwenye majukwaa ya mada mbalimbali, ulitangaza kuwa programu za nje zinazochota taarifa zake zitalipia dola 12,000 kwa kila mara milioni 50 zinapoomba taarifa. Mtengenezaji wa Apollo, mojawapo ya programu hizo, alipiga hesabu akakuta atadaiwa kama dola milioni 20 kwa mwaka. Waliokasirika zaidi ni wasimamizi wa majukwaa, watu wanaofuta matusi na kufukuza matapeli usiku na mchana bila kulipwa hata senti. Wasioona nao walilalamika, maana programu hizo za nje ndizo walizozitegemea kusomewa maandishi kwa sauti. Kuanzia Juni 12, zaidi ya majukwaa 8,000 yalifungwa. Mgomo ulitangazwa kuwa wa saa 48.

Mvuvi wa dagaa atalielewa haraka kosa hilo la kutangaza siku ya kurudi. Mwezi ukiwa mpevu, taa haivuti dagaa, boti zinapumzika. Mnunuzi hahangaiki, anajua giza litarudi na boti zitatoka. Uongozi wa Reddit nao ulijua siku ya kurudi. Mtendaji mkuu, Steve Huffman, aliwaandikia wafanyakazi wake kuwa jambo hilo litapita. Majukwaa yaliyoendelea kufungwa yalionywa kwamba wasimamizi wake wanaweza kuondolewa. Juni 30 Apollo ikazimwa. Bei haikushuka. Programu chache zinazowasaidia watu wenye ulemavu zilisamehewa malipo, na mimi siliiti hilo jambo dogo, kwa sababu kwa asiyeona ndio mlango wenyewe.

Sasa linganisha na WhatsApp, Januari 2021. Hapakuwa na tarehe ya mgomo. Watu walisoma masharti mapya ya faragha, wakaanza kuhamia mitandao mingine ya ujumbe, Signal na Telegram, kwa mamilioni. Kampuni ikasogeza tarehe ya mwisho kutoka Februari 8 hadi Mei 15, kisha ikasema haitafuta akaunti ya asiyekubali. Masharti yalibaki, lakini vitisho vililegezwa. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa ni hii: watu hao walikuwa na namba za wenzao kwenye simu zao. Kuhama ilikuwa kazi ya dakika tano. Wa Reddit wanajuana kwa majina ya utani yanayoishi ndani ya Reddit yenyewe. Ukitoka, umewaacha wote humo.

Kama tatizo ni taarifa zako binafsi kutumika vibaya, usiishie kunung'unika kwenye kundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko yako.

Mama mmoja wa Mwaloni ana daftari gumu lenye harufu ya dagaa na safu tatu: jina, namba, mwalo anakotoka mtu. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa kuandika vitu vilivyomo kwenye simu. Mwaka jana mtandao mmoja ulimfungia akaunti bila maelezo, mzigo ukiwa tayari kwenye boti. Aliketi juu ya gunia, akaazima simu ya jirani, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kupiga.